Kanda za 2008 pale Malaba

Mwaka 2010 wakaguzi walifika ofisini kwetu Malaba, upande wa Uganda, wakataka kumbukumbu za mizigo tuliyovusha mpakani mwaka 2008. Kwenye seva hazikuwepo tena, zilishafutwa kupisha data mpya. Zilikuwa kwenye kanda za bekapu, yaani nakala za akiba. Kabati la chuma lilijaa kanda zenye lebo safi, na daftari la bekapu lilikuwa na tiki kila Ijumaa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kilichokufa ni draivu tu, ile mashine ya kuandikia na kusomea kanda, na nyingine ya aina hiyohiyo ilishanunuliwa Kampala.

Draivu hiyo ya pili ilizikataa kanda. Inameza, inanguruma, inazungusha kwa dakika kadhaa, kisha inatema hitilafu ya kanda mbovu. Kanda ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Zilikuwa kanda za DAT 72, aina ya kanda ndogo za kuhifadhia data. Kila moja ina utepe wa mita 170, upana milimita 3.81, na inabeba GB 36 za data isiyobanwa. Kitu kama hicho kikikataa kusomeka, mtu wa kwanza atakayepita atasema ni uchafu, na pale Malaba ana kila sababu ya kusema hivyo. Malori yanapanga foleni mchana kutwa, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chai. Isitoshe feni ya seva huvuta hewa kutoka mbele, na tundu la draivu liko mbele, kwa hiyo vumbi lote la sakafuni hupita juu ya hedi, kile kichwa kinachosoma na kuandika utepe, kabla ya kutoka nyuma. Seva isikae chini ya meza, hilo halihitaji mjadala.

Basi ikaingizwa kanda ya kusafishia. Hii hujiendesha yenyewe: unaiingiza, inasugua hedi kwa muda usiofika dakika moja, inajitoa. Kila safari inatumia kipande kipya cha utepe na hairudishwi nyuma, ndiyo maana zile za kawaida hufa baada ya matumizi 50 hivi. Watu wengi hawaweki hesabu, wanaendelea kuingiza kanda iliyokwisha wakidhani wanasafisha. Yetu ilikuwa mpya. Ilisafisha, taa ya kuomba usafi ikazimika, kanda za 2008 zikakataa vilevile.

Baada ya uchafu hufuata kebo. Draivu ilikuwa ya SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, kebo ya pini 68, na kwenye kebo ya namna hiyo terminata (kile kizibo cha mwisho wa kebo) iliyolegea huleta makosa yanayofanana kabisa na ya kanda mbovu. Umeme ukazimwa, kila kitu kikachomolewa na kurudishwa, terminata mwisho wa kebo na si kwingineko, namba ya draivu isigongane na ya kadi ya SCSI iliyo ndani ya kompyuta. Hakuna kilichobadilika. Na kanda mpya kabisa, iliyoandikwa na draivu hiyohiyo siku hiyohiyo, ilisomeka bila kukwama.

Hapo ndipo alipoitwa Afande. Alikuwa mstaafu wa jeshi, kitengo cha mawasiliano, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni pale mjini. Alipofika hakuigusa mashine.

"Kijana, hiyo mashine itangoja. Niletee daftari kwanza."

Alitaka kanda zipangwe kwa tarehe, kisha zijaribiwe moja moja kuanzia za zamani, kila moja kichupo chake kikiwa kimesogezwa ili tundu libaki wazi, yaani isiandikike. Ni hatua ndogo inayoruka vichwani mwa watu wengi. Draivu ya DAT huandika kumbukumbu zake mwanzoni mwa utepe kila kanda inapotolewa, na hutaki draivu yenye mashaka iandike chochote kwenye nakala uliyo nayo peke yake.

Kanda za 2006 zilisomeka. Za 2007 zilisomeka. Kuanzia ya tarehe 11 Januari 2008, hakuna hata moja. Ya tarehe 4 Januari ilipochunguliwa kwa kufungua kifuniko chake cha mbele ilikuwa na mkunjo, utepe umejikunja pembeni kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Afande aliiweka kando, akasema isiingie kwenye draivu yoyote: utepe uliokunjika unaweza kuvunja hedi, na hedi za DAT ni vipande vidogo vinavyochomoza kidogo tu kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi.

"Mama," akamwuliza mtunza stoo, "Januari ile kulitokea nini hapa?"

"Si ndio zile vurugu za Kenya, Afande? Barabara imefungwa, malori yamesimama, dizeli hakuna Uganda nzima. Umeme ulikatika, jenereta haina kitu. Kanda ikabaki ndani. Yule kijana aliyekuwapo akaitoa kwa plaizi."

Afande alicheka kidogo, kisha akaacha.

Ili kuelewa plaizi ilifanya nini, lazima ujue draivu ya aina hii inavyoandika. Kwenye kanda za LTO, aina nyingine ya kanda za bekapu, utepe hutembea mbele ya hedi iliyotulia; hapa sivyo. Unavutwa nje ya kasha lake na kuzungushwa kwenye ngoma iliyoinama, na ngoma inapozunguka hedi huchora mistari ya mshazari, kila mstari upana wake ni chini ya mikromita 7. Kinachoamua mshazari huo ni nguzo ndogo za chuma zinazoupokea utepe na kuushikilia kwenye kimo chake. Nguzo ikipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, mistari yote inalala kwa pembe nyingine. Kanda ilipovutwa kwa nguvu utepe ukiwa bado umezunguka ngoma, nguzo moja ilipinda. Tangu siku hiyo draivu ile iliandika kwa pembe yake peke yake.

Na tiki za kwenye daftari? Zote zilikuwa za kweli. Ngoma ina hedi nne, mbili za kuandika na mbili za kusoma. Hizo za kusoma hupita juu ya kilichoandikwa papo hapo na kukihakiki, na zimefungwa kwenye ngoma hiyohiyo, zinapokea utepe kwenye nguzo hiyohiyo iliyopinda. Hata ukiamuru programu ilinganishe kanda na diski baada ya bekapu kuisha, jibu litakuwa "sawa". Mtu mwenye mwandiko mbovu husoma barua zake mwenyewe bila shida. Miaka miwili daftari lilisema ukweli, ila halikuulizwa kama kuna draivu nyingine yoyote itakayozisoma.

Kwa hiyo dawa ilikuwa moja, draivu iliyopinda ifufuliwe bila kunyooshwa. Kuigusa ile nguzo kungeziua kanda zote za 2008 na 2009 kwa mpigo.

Draivu yenyewe ilikuwa ya nje, ndani ya kasha lenye pawa saplai yake. Afande alifungua skrubu, akaweka multimita. Laini ya volti 5 ilikuwa nzima. Ya volti 12 ilisimama vizuri draivu ikiwa imetulia, lakini ngoma ilipotaka kuanza kuzunguka ikashuka hadi karibu 9, draivu ikajizima. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba kichwani. Kumbe draivu haikufa, ilikuwa na njaa tu. Badala ya kuchomelea kapasita alichukua pawa saplai ya kompyuta ya kawaida, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili iwake bila kompyuta, akachomeka plagi ya pini nne kwenye draivu: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi mbili za katikati. Umeme wa saplai hiyo ulipitishwa kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Kanda ya DAT ikikatikiwa na umeme katikati ya kuandika, alama ya mwisho wa data haiwekwi, na kinachofuata ni mateso.

Ilibaki ngoma. Ilikuwa na ukungu wa kahawia ambao kanda ya kusafishia haikuutoa wote. Hapa ndipo mafundi wengi huua draivu kwa pamba ya masikio: nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuing'oa. Afande alitumia kipande cha ngozi laini kilicholowa kidogo spiriti safi, ile isiyo na maji mengi, akakigusisha kwenye ngoma na kukishikilia pale pale, huku kidole cha mkono mwingine kikizungusha ngoma polepole kwa ukingo wake wa juu.

"Kitambaa kikae, ngoma ndiyo itembee. Ukisugua juu chini, kwaheri."

Iliachwa ikauke kabisa. Kanda nazo zilikuwa zimelala ndani ya chumba cha draivu tangu jana yake, kwa sababu stoo ilikuwa kontena la bati, na kanda iliyotoka kwenye joto hutakiwa izoee kwanza hewa ya chumba chenye kiyoyozi kabla ya kuingizwa.

Kanda ya 2007 iliingizwa kwanza, kwa makusudi. Ilikataa. Hiyo ndiyo ilikuwa thibitisho kwamba nguzo haijasogea. Ikafuata ya tarehe 11 Januari 2008, ikasoma tangu mwanzo.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya subira. DAT 72 husoma takriban MB 3 kwa sekunde, kwa hiyo kanda iliyojaa hula zaidi ya saa 3. Hatukufungua faili moja moja; kila upitishaji ni uchakavu, na draivu ile haikuwa na maisha ya kuchezea. Kanda nzima ilimwagwa kwenye diski kwa mara moja, kwa amri mbili za Linux:

mt -f /dev/nst0 setblk 0
dd if=/dev/nst0 of=kanda.tar bs=256k

Amri ya kwanza inairuhusu draivu kupokea bloku za ukubwa wowote. Katika ya pili namba ya bs inatakiwa tu isiwe ndogo kuliko bloku iliyoandikwa, la sivyo unapata kosa la kumbukumbu haba na kuanza kuilaumu kanda. Na ni nst0, si st0: hii ya pili hurudisha utepe mwanzo kila amri inapoisha. Baada ya kila kanda kadhaa ilipita kanda ya kusafishia, na amri ya mt status ikionyesha CLN, yaani draivu inaomba kusafishwa, ilipita hata kabla ya zamu yake.

Kanda moja ya katikati ya 2009 ilikwama njiani na haikumaliza, lakini ya wiki iliyofuata ilikuwa bekapu kamili, ikaziba pengo. Ile ya 4 Januari haikuhitajika kwa sababu hiyohiyo. Wakaguzi walipata kumbukumbu zao kwenye diski ya nje.

Vilivyosomwa viliandikwa upya na draivu mpya, na ile ya zamani ikabandikwa karatasi: KUSOMA TU, USIANDIKE, USINYOOSHE. Safu mpya ikaongezwa kwenye daftari karibu na tiki. Kila mwezi kanda moja hupanda basi kwenda tawi la Tororo, ambako kuna draivu ya aina ileile. Huko wanafungua faili tatu wanazozichagua wenyewe, moja kutoka mwanzo wa kanda, moja katikati, moja mwishoni kabisa, na jina la aliyezifungua ndilo linaloandikwa kwenye safu hiyo.