Kipimajoto cha Horohoro hakikioni kipindupindu

Mtu mwenye vimelea vya kipindupindu anaweza kusimama mbele ya kipimajoto pale Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, akasoma 36.8, akagongewa muhuri na kupanda gari la Tanga mjini. Ugonjwa huu kwa kawaida hauleti homa, vimelea huchukua saa chache hadi siku tano kabla mtu hajaanza kuharisha, na wengi walioambukizwa hawaharishi kabisa ingawa vimelea wanavitoa chooni. Kipimajoto kibaki kwa magonjwa mengine. Kwa huu, muulize msafiri amelala wapi siku tano zilizopita na anafikia kwa nani, uandike kitongoji na namba ya simu. Ukiandika "Mkinga", jina la wilaya nzima, peke yake hujaandika kitu.

Tena, wengi hawapiti getini. Kuna bandari bubu, kuna njia za panya, na Wadigo wana ndugu pande zote mbili. Msiba wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni msiba wa nyumbani. Kuna pia wahamiaji wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa kificho. Mhudumu wa afya akishuka kwenye gari moja na polisi, mgonjwa atafichwa porini mpaka afe. Kituo cha ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kisiulize karatasi za mtu.

Pa kuanzia ni dago, kambi ya wavuvi ufukweni: kisima kifupi cha mchangani, choo ni mikoko, na bamvua, maji yanapojaa sana, hurudisha kila kitu. Kumwaga klorini kisimani ni kujifurahisha, maana maji mapya huingia na dawa inapotea. Weka mtu pale pale panapotekwa maji, atie dawa kwenye kila dumu. Changanya kijiko kimoja cha chakula (gramu 15 hivi) cha klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji. Hiyo ni dawa mama ya asilimia 1. Jaza madumu manne ya lita 20 kwa maji ya kisima hicho, kisha kwa bomba la sindano tia mililita 2.5 katika la kwanza, 5 la pili, 7.5 la tatu na 10 la nne. Subiri nusu saa, pima klorini iliyobaki. Dumu la kipimo kidogo kabisa lililofikisha miligramu 0.5 kwa lita ndilo linalokupa kipimo cha kisima hicho. Mvua ikinyesha maji yakachafuka, rudia, kwa sababu tope hula klorini. Kosa la kawaida ni kopo la unga kuachwa wazi kwenye joto la pwani, likapoteza nguvu huku vijiko vikihesabiwa vilevile. Kosa la pili ni kuzidisha: maji yakinuka dawa, akina mama watahamia kisima kingine.

Anayeharisha na bado anakunywa apewe ORS, pakiti ya lita moja, isiyokaa zaidi ya saa 24. Mtu mzima anywe kikombe cha mililita 250 kila anapoharisha. Macho yakizama, ngozi ukiifinya ikachelewa kurudi, akashindwa kunywa, hapo ni dripu ya Ringer, yenye chumvi za mwili, mililita 100 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6 ndani ya saa tatu, lita 1.8 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Chupa moja ya dripu ya sukari, inayotundikwa kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, haimwokoi. Haina chumvi alizopoteza.

Matanga nayo yana lake. Wanaoosha maiti wavae glavu na watumie maji ya klorini, na wasiwe ndio wanaopakua pilau.

Mgonjwa akiwa na ndugu ng'ambo, ofisa wa afya wa huku ampigie mwenzake wa kule siku hiyohiyo, barua ifuate baadaye. Na siku ya kwanza kabisa chukua namba ya nahodha wa dago, umuulize dago linalofuata liko wapi. Upepo ukigeuka, watu, madumu na ugonjwa vinapanda mashua moja.