Rupia Moja ya Fedha

Mwaka 1984, wakati wa likizo ya shule, nilikuwa nikimsaidia baba mkubwa katika kibanda chake cha usonara mtaa wa Gongoni, Tabora, ndipo bibi mmoja jirani yetu alipotuletea sarafu kuukuu alizozifunga kwenye pindo la kanga. Alitaka zifuliwe pete ya mjukuu wake aliyekuwa amechumbiwa, kwani aliamini kuwa zile za njano ni dhahabu. Baba yake mzazi alizipata kama ujira wa upagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, akazificha hadi alipofariki.

Baba mkubwa alimwamkia, akamkaribisha kigoda, kisha akaisugua moja kwenye jiwe jeusi la kupimia na kudondoshea tindikali juu ya alama iliyobaki. Dhahabu ingestahimili, alama ile ilitoa povu, ikageuka kijani na kutoweka.

“Bibi, hii ni shaba tu.”

“Basi Mjerumani alimdhulumu baba yangu,” alisema.

Mimi nilivutiwa zaidi na jambo jingine. Sarafu mbili zilikuwa na taji lilelile, mwaka 1916, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na thamani ya heller 20 (heller 100 zilikuwa rupia moja), lakini moja ilikuwa ya njano na nyingine nyekundu kabisa. Baba mkubwa alinionyesha herufi T, akasema hizo hazikutoka Ulaya bali zilipigwa hapahapa Tabora, katika karakana ya reli.

Maelezo yake, niliyokuja kuyathibitisha vitabuni baadaye, yalikuwa sahihi. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, hivyo sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani, na watu nao walizificha rupia za fedha wakikataa kuzitoa. Serikali ya Wajerumani ilichapisha noti za dharura kwenye karatasi hafifu, kisha ikageukia metali yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, ikapiga heller 20 kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu pia. Kabla ya vita, heller 5 ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli, tena yenye tundu katikati. Ile ya Tabora ilikuwa ya shaba ya njano, bila tundu. Kazi hiyo haikudumu, kwa maana Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916.

Hata hivyo bibi hakuwa ameota. Karakana hiyohiyo ilipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu iliyochimbwa katika mgodi wa Sekenke. Mpagazi wa kawaida, kwa maoni yangu, asingeiona hata kwa mbali.

Ndani ya lile pindo kulikuwa pia na rupia moja ya zamani, yenye sura ya Kaisari wa Ujerumani aliyevaa kofia yenye sanamu ya ndege tai. Baba mkubwa aliipima kwa jiwe, akatabasamu: fedha halisi, karibu gramu 12, inayotosha pete na kubakiza.

“Iyeyushe hiyo,” bibi alisema. “Hizo nyingine zichukue uzibie masufuria, mwanangu, ila unipunguzie ufundi.”

Walivutana bei hadi adhana ya alasiri.