Usishike Swichi Kwanza

Jana usiku binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Chikongola alikopanga. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa wazi kwenye kompyuta, akaenda jikoni kupalia wali, aliporudi akakuta skrini nyeusi. Katikisa kipanya, kagonga kibodi, wapi. "Shangazi, nishikilie ile swichi mpaka izime?"

Nilimkatalia kwa sauti kubwa kuliko jambo lenyewe. "Swichi usiiguse. Bonyeza Kepsi Loki, uniambie kama kitaa chake kinawaka."

Kikawaka. Mengine tuliyamaliza kwenye simu, naye akaenda zake kulala. Mimi usingizi ulikata. Nilikuwa nimesharudi Tandahimba, Novemba 2013, na Bibi, mkulima mmoja kikongwe, yuko barazani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini.

Ni ile ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, nilikokuwa karani: chumba kimoja mbele, ghala nyuma, mzani mlangoni. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto na siku hiyo ilikuwa ya masahihisho. Kabla orodha ya malipo haijapelekwa benki, mkulima anasomewa mstari wake: jina, kilo, daraja, makato ya salfa, dawa ya mikorosho, kinachobaki. Penye kosa anasema hapohapo, tunapekua daftari la mzani, narekebisha kwenye Excel. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara mwaka 2007, korosho huenda ghala kuu, zikapigwa mnada, na fedha ikamrudia mwenyewe kwa kufuata karatasi. Ukikosewa kwenye karatasi, umekosewa chakula cha nyumba yako na ada ya wajukuu.

Bibi alikuwa na somo yake kijiji cha pili, majina yao yanafanana mpaka la babu. Magunia ya Bibi yaliandikwa kwa yule mwenzake. Daftari la mzani halikuwa na la kumsaidia, maana jina lilikuwa lilelile. Aliyemwokoa ni kijana mpimaji, ambaye alimkumbuka kwa sababu siku ile alikuja na mjukuu aliyefungwa mkono kwa kuvunjika. Somo naye aliitwa, akasema mbele ya watu kwamba kilo zile si zake. Mwenyekiti akaafiki, Katibu akaafiki, mimi nikaandika. Papo hapo lori likapiga honi nje. Tukatoka wote kuhesabu magunia. Mpimaji akaondoka na lori kwenda Mtwara, somo akashika njia ya kwao, Bibi akakataa kuondoka. Alisema hatoki mpaka aone mstari wake kwenye karatasi.

Tuliporudi ndani kompyuta ilikuwa imelala.

Windows 7 ilikuja imepangwa hivyo, ukiiacha nusu saa inajilaza. Mwenyekiti ndiye aliyetangulia kufika, akagonga spesi, akagonga tena. Feni ikaanza kuvuma ndani ya sipiyu, taa ya mbele iliyokuwa inapepesa ikatulia, lakini skrini ikabaki nyeusi, ikaandika kwamba haipokei kitu, kisha ikajizima. Katibu akapeleka kidole kwenye swichi. Simlaumu, alikuwa na basi la alfajiri la kupita Nanyamba na vumbi lake lote, na orodha ilitakiwa iwe mfukoni mwake kwenye flashi.

Nikamshika mkono, mtu mzima kwangu. Kompyuta ikilala, karibu kila kitu ndani yake kinanyimwa umeme isipokuwa RAM, kumbukumbu yake ya muda, na ikishaamka kazi ambayo haijahifadhiwa inaishi humo tu. Ukishikilia swichi kama sekunde 4, umeme unakatika na kilichomo kimekwenda. Excel huwa inajiwekea nakala ya akiba kila dakika 10, lakini aliyetuandalia mashine alikuwa ameizima hiyo kwa kuwa iliifanya ikwame. Masahihisho ya mchana kutwa, na kilo za Bibi, hayakuwepo mahali pengine popote.

Tukamwita fundi, kijana wa sokoni anayetengeneza redio na simu. Alifika kwa bodaboda, kofia bado kichwani.

Wakati tunamsubiri nilikuwa nautazama umeme kuliko kompyuta. Enzi hizo Lindi na Mtwara hatukuwa tumeungwa na gridi ya taifa. Tulitegemea mitambo ya Mtwara mjini inayotumia gesi ya Mnazi Bay, ikiyumba hapakuwa na pa kuazima. Na UPS yetu, kile kisanduku cha kushikilia umeme ukikatika, betri yake ilikuwa imechoka.

Fundi hakugusa swichi. Aliinama, akasikiliza sipiyu kama mganga anavyosikiliza kifua cha mtoto, kisha akabonyeza Kepsi Loki. Kitaa kikawaka. Akabonyeza tena, kikazima.

"Iko macho," akasema. "Ingekuwa imeganda, hiki kisingeitika. Inatusikia. Haituonyeshi tu."

Akachomoa waya wa skrini, akaurudisha na kuukaza skrubu zake kwa vidole. Akazima skrini, akaiwasha. Nyeusi. Akanigeukia.

"Dada, faili limeshapewa jina?"

"Lina jina. Asubuhi tulilihifadhi."

"Kuna programu nyingine uliyoifungua?"

"Excel peke yake."

"Ulipotoka, ulikuwa unaandika wapi?"

Nikafumba macho ili nione. "Kwenye kilo za Bibi. Nimeandika, sijabonyeza Enta."

Akanivutia kiti. "Basi utaandika wewe. Vidole vyako vinaijua njia, mimi nitakuongoza."

Nimeandika barua nyingi maishani, nimeandika orodha za watu wengi, lakini sijawahi kuandika namna ile, macho kwenye kioo cheusi ninachojiona uso. Kwanza aliniambia nishikilie bakispesi, kwa kuwa spesi alizogonga Mwenyekiti zilikuwa zimerundikana kwenye kisanduku cha neno la siri. Nikashikilia mpaka aliponiambia inatosha. "Sasa neno la siri, polepole." Katibu na Mwenyekiti wakageuza nyuso ukutani, kwa heshima. Nikaandika herufi moja moja. Enta. Kitaa cha diski kikapepesa.

"Nadhani imefungua. Sasa Enta moja tu. Hiyo ni ya kilo."

Nikabonyeza.

"Kontroli na S."

Nikabonyeza. Diski za wakati ule zilikuwa za sahani zinazozunguka, kazi yake unaisikia, mkwaruzo mdogo ndani ya bati. Tukausikia. Na hapohapo balbu ikafifia, UPS ikaanza kulia. Hakuna aliyesema kitu. Katibu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Balbu ikarudi, UPS ikanyamaza, feni haikuwa imebadilisha mvumo.

"Imehifadhi?" Mwenyekiti akauliza.

"Tutaiuliza yenyewe," Fundi akasema. Akaeleza, taratibu, nasi watu wazima tunamsikiliza kijana wetu. Tutaiamuru izime kwa utaratibu. Kama kuna kitu hakijahifadhiwa, Windows itasimama kutuuliza, na kwa kuwa hatuoni swali, feni itaendelea kuvuma. Kama neno la siri lilikosewa, amri haitafika kabisa, feni itaendelea kuvuma. Ikizima yenyewe, kila kitu kiko salama. "Kitufe cha Windows. Mshale wa kulia. Enta."

Kisha tukakaa kuisikiliza feni.

Ilivuma. Nje watoto walikuwa wanafukuzana juu ya magunia matupu, mtu akawakaripia kwa Kimakonde. Ikavuma. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha ming'oko mkononi, haulizi. Kitaa cha diski kikapepesa, kikaacha, kikapepesa tena. Nilimtazama Fundi, naye alikuwa anatazama sakafu, midomo inahesabu. Ikavuma. Halafu sauti ikashuka, ikawa nyembamba, ikakatika. Taa ya mbele ikazima.

"Imekufa!" Katibu akasema.

"Imetii," Fundi akamjibu, akavua kofia.

Tulipoiwasha skrini ilirudi bila tatizo. Faili likafunguka, nikashuka mstari kwa mstari mpaka kwa Bibi. Jina, kilo, daraja, makato, kinachobaki. Nikachapa ukurasa ule kabla ya mwingine wowote. Bibi akamwita kijana wa shule aliyekuwa nje, akamwambia amsomee yeye. Si mimi, si Katibu, yule kijana. Akasomewa. Akarudia kilo zake kwa sauti.

Ya kiufundi niyapitie haraka, maana najua kuna watakaouliza. Utaratibu huu wa kulaza kompyuta ulipangwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, na unataka kila kipande kikubali kuamka: ubao mama, kadi ya skrini, na draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Kimoja kikigoma, mashine inaamka nusu. Kwetu kilichogoma kilikuwa upande wa skrini. Fundi alibadilisha draiva, ikaamka vizuri kwa muda, kisha ikarudia. Mwishowe akaipangia isilale kabisa, izime skrini tu. Wapo mafundi wanaosema huko ni kulikwepa tatizo. Kwa ofisi iliyobeba mistari ya watu, mimi naona ni uamuzi wa haki. Na kama Kepsi Loki yako haiitiki hata kidogo, jaribu kwanza kibodi kwenye tundu jingine la nyuma, gusa swichi mara moja na kuiachia, subiri dakika. Kushikilia swichi kuwe ndiyo mwisho kabisa.

Lakini si draiva iliyoninyima usingizi jana.

Bibi alipokwisha kusomewa aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza: "Mjukuu wangu, na kama ingekufa, mngeniamini?"

Mwenyekiti alimwahi. "Tungekuamini, Bibi. Tulikuwepo wote."

Najua alikuwa mkweli. Katibu hakusema kitu, alikuwa ananakili faili kwenye flashi. Naye alikuwa mtu mwema, ila benki haikuwa ikipokea neno la mtu, ilikuwa inapokea orodha, na basi lilikuwa la alfajiri. Mpimaji alikuwa njiani juu ya lori. Somo keshafika kwao. Pale ofisini asubuhi yake lingebaki daftari la mzani lenye jina moja la watu wawili, na kikongwe anayesema kilo ni zangu.

"Ningekupigania, Bibi," nikamwambia.

Akanitazama. "Sikukuuliza hilo."

Msimu uliofuata kila sahihisho liliandikwa kwanza kwenye kaunta buku, mkulima na shahidi wake wakaweka dole gumba, ndipo nikagusa kibodi. Katibu alilalamika kwamba tunarudi nyuma, kwamba kompyuta ilinunuliwa ya nini basi. Nilibishana naye msimu mzima, na angekuwa hapa leo ningebishana naye tena.