Siku Tuliyolaza Selo Mapajani

Mwalimu wetu alisimamisha mazoezi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. "Wekeni pinde chini," akasema kwa Kireno. "Selo zilazeni mapajani." Tukatazamana. Selo ni chombo kikubwa cha nyuzi cha jamii ya fidla, hupigwa kimesimama, hakipakatiki kirahisi. Lakini nilikuwa mgeni Rio de Janeiro, na mama yule nilimheshimu mno. Nikafanya alivyotaka.

Tulikuwa tukiandaa Bachianas Brasileiras namba 5 ya mtunzi wa Brazili, Heitor Villa-Lobos, iliyotungwa kwa selo nane na sauti ya juu ya mwanamke. Katika sehemu ya kwanza, ile Aria ya mwaka 1938, selo moja inaifuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua, na nyingi ya zilizobaki zinadonoa nyuzi kwa vidole. Tulikuwa tukidonoa kwa unadhifu, kila noti mahali pake. Mwalimu hakuutaka unadhifu ule. Alitaka gumba lishukie besi na vidole vijibu juu, kama mtu anayecharaza gitaa barazani jioni.

Tukapiga hivyohivyo, vyombo vimelala, na mtaa wa Rio ukasikika humo ndani.

Villa-Lobos alizaliwa katika mji huo mwaka 1887. Selo alifundishwa na baba yake. Gitaa aliliokota mitaani kwa wapigaji wa choro, muziki wa mitaa ya Rio, watu ambao mama yake hakuwataka, maana alitamani mwanawe awe daktari. Na Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, Villa-Lobos alimpenda tangu utotoni. Kwa hiyo sikubali watu wanaposema alichukua muziki wa mitaani akauvika koti la Ulaya. Alipoanza kuandika Bachianas, tungo zilizobeba jina la Bach, mwaka 1930, vyote viwili vilikuwa vimeshamkaa mkononi miaka mingi.

Mimi mwenyewe selo niliijulia kwenye taarab, Unguja, pembeni ya ala za nyuzi, kanuni na udi. Labda ndiyo maana agizo la mwalimu liliniingia upesi.

Kisha dada yule akaanza kuimba. Hakuna maneno mwanzoni, ni "a" tupu, ndefu, na nilikaa karibu naye kiasi cha kusikia alipovuta pumzi. Maneno yakaja katikati, na wimbo uliporudi akafumba midomo, akauvumisha ndani kwa ndani.

Tuliposimamisha selo tena, mwalimu alisikiliza kidogo, akaninyooshea kidole. "Besi yako, mwanangu, iongeze."

Nikaiongeza.