Jinsi nilivyobana matumizi ya chaji kwenye simu yenye akili mnemba

Lawama ya "akili mnemba imemaliza chaji yangu" ni kweli nusu. Vipo vipengele vinavyoikamua betri kweli, na vipo vingine ambavyo ukivizima hupati hata asilimia mbili kwa siku. Nilipoacha kuzima ovyo na kuanza kupima, vya kuzima vilibaki vichache, na baadhi ya vile nilivyovishuku nikavirudisha.

Kipimo changu kikuu ni cha usiku, kwa sababu mchana mwanga wa skrini unafunika kila kitu. Naiacha simu kwa muda wa saa 8, skrini imezimwa, Wi-Fi ileile, laini ileile, nikianzia chaji ya asilimia 80. Kwenye Android naiunganisha na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, na kuandika adb shell dumpsys battery, kisha nasoma mstari wa Charge counter. Namba hiyo ni chaji iliyobaki kwa maikroampea-saa: 3200000 ni sawa na mAh (miliampea-saa) 3200. Jioni nasoma ndipo nachomoa kebo. Asubuhi nachomeka na kusoma papo hapo, maana kebo yenyewe inachaji na dakika mbili tu zinatosha kuharibu hesabu. Simu nyingine hazina mstari huo. Hapo nategemea asilimia, na tofauti ya 1 siihesabu kabisa. Nabadilisha kitu kimoja tu, nalala nacho usiku tatu, ndipo nagusa kingine. Ukizima vitu vitano kwa mpigo hutajua ni kipi kilichokuwa na hatia.

Kosa linaloharibu vipimo vya wengi ni kupima siku ya kwanza baada ya kusasisha mfumo. Siku hizo simu inapitia upya picha zote: inatambua nyuso, vitu na maandishi yaliyomo, na kujenga faharasa ya utafutaji. Mwenye picha maelfu ataona simu ina joto na chaji inashuka, kisha hali inatulia yenyewe. Baada ya sasisho kubwa naiacha kwenye chaja usiku mbili au tatu, Wi-Fi ikiwa wazi, skrini imefungwa na kava limevuliwa, kwa kuwa kazi hizo nyingi husubiri simu iwe imechomekwa na haitumiwi. Anayeichaji kwa vipande vya dakika 20 mchana huku akiendelea kuitumia anaziahirisha kila mara, zinabaki kiporo.

Kitu cha kwanza ambacho watu hukimbilia kuzima ni usikilizaji wa neno la kumwita msaidizi wa sauti. Mimi nimeuacha ukiwa umewashwa. Kazi hiyo hufanywa na saketi ndogo ya sauti inayotumia umeme kidogo sana huku prosesa kuu imelala. Betri ya mAh 5000 kwa volti 3.85 ina nishati ya takriban Wh (wati-saa) 19. Hata ukikisia miliwati 10 mfululizo, kwa saa 24 ni Wh 0.24, yaani kama asilimia 1.2 ya betri.

Gharama ya kweli iko kwenye modeli za lugha, yaani programu za akili mnemba za kuandika, zinazoendeshwa ndani ya simu: kufupisha maandishi, kuandika upya ujumbe, kupendekeza majibu marefu. Chukua modeli ya vigezo (namba zinazounda modeli) bilioni 3 iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo. Ukubwa wake ni GB 1.5. Ili kutoa kila kipande cha neno, chipu inalazimika kusoma karibu modeli yote kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya simu. Jibu la vipande 200 ni GB 300 zilizopita kati ya RAM na chipu, na safari hizo za data zinakula umeme mwingi, pengine kuliko hesabu yenyewe. Sehemu hiyo ya simu ikivuta wati 4 kwa dakika 10, ni Wh 0.67, asilimia 3.5 ya betri ile ya mAh 5000. Muhtasari mmoja hauna neno. Muhtasari wa kila arifa inayoingia, siku nzima, ndio unaouma. Kwa hiyo nimezima muhtasari wa arifa kwa programu zote isipokuwa barua pepe, nikabakiza muhtasari ninaouomba mwenyewe kwa kubonyeza.

RAM ina hasara nyingine ambayo haionekani kwenye ukurasa wa betri. Modeli ikipakiwa, programu zilizokuwa zimesubiri nyuma zinafungwa ili kuipisha. Dalili yake: unarudi kwenye fomu uliyoijaza nusu unakuta ukurasa unaanza upya, au ramani inafunguka kana kwamba simu imewashwa sasa hivi. Kila programu inayoanza upya inasoma hifadhi na kuamsha prosesa, na hiyo nayo ni chaji. Si bahati mbaya kwamba Apple Intelligence, akili mnemba ya Apple, haikuwekwa kwenye iPhone 15 ya kawaida yenye RAM ya GB 6, ikaanzia iPhone 15 Pro yenye GB 8. Apple pia inataka nafasi ya GB 7 kwenye hifadhi. Kwenye simu yenye RAM ya GB 8 sifungui kihariri cha picha kizito na kuomba uandishi wa akili mnemba kwa wakati mmoja. Namaliza kimoja kwanza.

Kuhusu kazi zinazotumwa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, hesabu inageuka kulingana na mtandao. Kwenye Wi-Fi nzuri, swali fupi kwa seva ni rahisi kwa betri. Kwenye laini yenye mawimbi dhaifu, kijiti kimoja tu kwenye skrini, redio inaongeza nguvu ya kutuma, inarudia vipande vilivyopotea, na haizimi papo hapo baada ya kutuma. Hapo tafsiri na imla ya sauti za ndani ya simu hushinda. Ninapakua vifurushi vya lugha ninazotumia mapema, nikiwa kwenye Wi-Fi, kisha najaribu tafsiri katika hali ya ndege kuhakikisha kweli inafanya kazi bila mtandao. Tafsiri ya moja kwa moja wakati wa simu, pamoja na manukuu ya moja kwa moja, naviwasha panapohitajika tu, kwa sababu havipumziki muda wote vinapokuwa wazi.

Kipengele ambacho sitaki mtu akizime ni betri inayojirekebisha ya Android. Ilikuja na Android 9 mwaka 2018, ikitengenezwa pamoja na DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, na kazi yake ni kujifunza ni programu zipi unazitumia mara chache ili izibane. Hiyo ni akili mnemba inayorudisha chaji. Ikikuchelewesha ujumbe wa programu fulani, iruhusu programu hiyo peke yake itumie betri bila kikomo.

Joto nalipa uzito kuliko asilimia zote hizi. Simu ikipata moto inapunguza kasi ya prosesa, kazi ileile inachukua muda mrefu, na seli ya lithiamu inazeeka haraka. Apple hupendekeza kutumia iPhone kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Kwenye Android, adb shell dumpsys thermalservice inaonyesha Thermal Status kuanzia 0 hadi 6. Ikifika 3 mfumo unahesabu joto kuwa kali. Mchanganyiko mbaya ninaouepuka ni kuchaji kwa kasi, kurekodi video yenye maboresho ya akili mnemba, na kava nene, vyote pamoja. Kuhariri video nafanya nikiwa nimechomoa chaja.

Yote haya yakishindwa, angalia afya ya betri kabla ya kulaumu programu. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa wa ndani. Modeli inapoamka ghafla na kuvuta mkondo mkubwa, volti inaporomoka, na simu inaweza kujibana kasi au kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 20. Afya ikiwa chini ya asilimia 80, nabadilisha betri kwanza, kisha naanza upya vipimo vya usiku, kwa sababu namba za zamani hazina kazi tena.