Fundi wa Grogan aliyepewa lori

Mtoto wa shangazi alinipigia juzi kutoka Dallas, alikokwenda kutia sahihi ya kujiunga na jeshi la Marekani. Katoka nje mara moja, sauti ya chini: "Kaka, kazi ya upishi ipo, naondoka wiki ijayo, bonasi juu. Ya ufundi magari nisubiri miezi minne. Nifanyeje?"

Mimi nilifika pale na miaka sita ya Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, mikononi. Injini ya Probox ningeishusha nimefumba macho. Lakini ASVAB, mtihani wao, ni wa kuchagua majibu, tena kwa Kiingereza cha kwao: spana ni "wrench", boneti ni "hood", buti ni "trunk". Vifaa nilivyovishika kila siku nikavikosa kwa jina. Kila fani ina jumla yake ya alama, na ya umekanika haikunitosha. Nikapewa 88M, udereva wa malori.

Silaumu sana. Kumpima kila kuruta gereji kungekula siku ngapi? Mtihani ni saa chache tu. Na kiti cha darasani kikibaki tupu, mwalimu analipwa vilevile, ndiyo maana wanatia bonasi kwenye kazi zinazokosa watu. Ukiona bonasi nono, jua wenzako wameipita hiyo kazi.

Basi kwenye kambi ya mafunzo ya Fort Leonard Wood nikafundishwa kwa makini jinsi ya kuchungulia oili. Niliitikia tu, "Ndiyo, sajenti."

Miezi kadhaa baadaye lori langu likazima njiani. Akaletwa fundi, kijana wa miaka 19, alama zake safi. Akafungua hiki, akafunga kile, jua linatuchoma. Mimi nilishasikia hewa imeingia kwenye dizeli, ila kushika spana haikuwa kazi yangu. Mwishowe nikamwonyesha kwa kidole. Saa mbili zilikuwa zimekwenda.

Ila nilipotoka jeshini, kwa sababu ya yale malori nilisamehewa mtihani wa barabarani wa leseni ya kuendesha magari ya biashara, na leseni hiyo ndiyo inayonilisha leo. Hiyo hesabu hakuna aliyenipigia siku ile.

Nikamwambia dogo: mkataba wako ni miaka minne kazini, na ukijumlisha jeshi la akiba wajibu wote ni minane. Miezi minne ni nini hapo?

Akanyamaza. "Kaka, nimekuelewa. Lakini kodi ya nyumba ni tarehe moja."