Bolti Iliyokaa Mahali pa Mwenzake

Baba alisema bismillahi akapiga stata mwenyewe. Injini iliwaka mara ya kwanza. Sote tuliokuwa uani pale Agururu, Tororo, tulipiga makofi, na kabla makofi hayajaisha ikaanza kupanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Kebini ilitikisika hata kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu. Halafu kimya. Akapiga tena, ikawaka tena, ikazima tena.

Ilikuwa mwaka 2008, nami nilikuwa na miaka 19, utingo wa Dyna ya baba, lori dogo la Toyota. Tulibeba saruji kutoka Tororo kwenda Mbale na Soroti, tukirudi na machungwa ya Teso. Injini ya zamani, 3B, ilikuwa imechemka mara nyingi mpaka silinda hedi ikapasuka. Baba alikusanya akiba yake, akakopa nyingine kwa shangazi, akanunua injini nyingine, 14B iliyotumika Japani, kwenye duka moja Kampala. Ilisafiri zaidi ya kilomita 200 nyuma ya lori la mtu, imefungwa turubai, nami nimeikalia ubavuni usiku kucha. Muuzaji alitupa wiki moja ya kujaribu. Siku ile ya makofi ilikuwa ya nne.

Fundi wetu alikuwa mtu mwaminifu na mkono wake ulikuwa safi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wengi pale mtaani walimsema vibaya. Alianza pale ambapo fundi yeyote wa dizeli angeanza: hewa. Injini ya dizeli ikivuta hewa pamoja na mafuta huwaka, hubabaika, huzima. Alilegeza skurubu ya filta, mimi nikawa nabonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka mapovu yakaisha na kidole gumba kikauma. Pampu ikawa ngumu kama jiwe. Ugumu ule ulitudanganya siku mbili nzima, maana kwa kawaida pampu ya mkono ikigoma kushuka ina maana njia imejaa mafuta na kazi imekwisha.

Ikazima tena. Akabadilisha filta. Akakata paipu ya zamani na kuweka ya plastiki inayoonyesha ndani ili tuone kama kuna povu linapita. Halikupita hata moja. Akashuku tangi, labda lina uchafu chini, basi tukaliacha kabisa. Nilipanda juu ya bodi nimebeba jerikeni la dizeli, paipu imetumbukizwa ndani, mafuta yateremke yenyewe. Nilisimama pale nalo begani huku jua la Tororo likinichoma shingo, naisikiliza injini chini yangu ikipanda, ikishuka, ikipanda, ikafa. Akapima na ile swichi ya umeme ya kuzimia iliyo kwenye pampu: ukiwasha ufunguo inalia tik, ukizima inalia tik. Nzima.

Ukikanyaga mafuta haikuzima, lakini haikuwa na nguvu. Ukiachia, mwendo wa chini haukai, inazima.

Jioni ya siku ya tano watu walishaanza kutoa hukumu. Mmeuziwa injini iliyokufa. Baba alikuwa kimya kwa namna ambayo mimi namjua. Kuirudisha Kampala kulitaka nauli ambayo hatukuwa nayo, na fundi akasema kilichobaki ni kuifungua pampu yenyewe na kuipeleka kupimwa kwenye mashine. Hilo nalo lilitaka pesa.

Mama ndiye aliyesema aitwe Babu. Hakuwa babu yetu wa damu; alikuwa mzee wa Kinubi aliyestaafu ufundi, aliyewahi kutengeneza malori ya masafa marefu pale Malaba. Alikuja asubuhi ya siku ya sita na bakora yake, akasalimia, akakubali kiti, akakataa chai.

"Fungueni nati za nozo, moja baada ya nyingine," alisema, "injini ikiwa inawaka."

Nozo ndizo zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, moja kwa kila silinda. Fundi akalegeza nati ya kwanza, injini ikadhoofika. Akaikaza, akalegeza ya pili, ikadhoofika vilevile. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Babu alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

"Ingekuwa nozo mbovu au silinda moja haina kompresheni, mngelegeza moja na injini isijali. Hizi nne zinalia njaa sawasawa. Mgonjwa si injini. Chakula hakifiki." Kisha akamgeukia fundi: "Mwanangu, hii pampu umeizoea?"

Fundi akasema kweli. Alikuwa amezoea pampu ndefu zenye matundu manne kwenye mstari mmoja, kama ile ya 3B yetu. Hii ya 14B ilikuwa fupi, ya rotari, matundu yake yote yamezunguka kichwa kimoja. Akaeleza kwamba alipoipokea alitoa bolti zote za paipu za mafuta, akaziosha kwa petroli kwenye mkebe mmoja, akazirudisha.

Babu akainuka, akainama mpaka uso ukakaribia pampu, akaniomba kitambaa. Nilipangusa kichwa cha bolti ya paipu inayoingiza mafuta. Chini ya grisi zikatokea herufi tatu zilizogongwa kwenye chuma: OUT. Bolti hiyo ilikuwa imekaa mlango wa kuingilia.

Tulitoa bolti zote mbili, ya kuingiza mafuta na ya kurudisha, kwa spana ya 17 na kuziweka kiganjani mwangu. Ungeapa ni mapacha: urefu mmoja, nyuzi moja. Babu akanielekeza nizitazame dhidi ya jua. Ya kawaida ilipitisha mwanga kama dirisha. Ile ya OUT ilikuwa na kitundu chembamba, ncha ya sindano tu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi upande wa kurudisha, kibane mafuta ili presha ijengeke ndani ya pampu. Sisi tulikiweka mlangoni, tukaacha wazi pa kutokea. Pampu ya mkono iligoma kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi alizipasha washa za shaba motoni mpaka zikawa nyekundu, akazizima kwenye maji zilainike, akafunga kila bolti mahali pake. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Nilibonyeza pampu ya mkono. Baba akapiga stata.

Ikawaka na kukaa. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Baba alishuka, akakaa juu ya tairi la akiba na kuisikiliza muda mrefu, kisha akamtuma dada yangu alete rangi yake ya kucha, ile nyekundu, akaipaka ile bolti kichwani kwa mkono wake. Babu hakupokea pesa. Alikubali kilo mbili za sukari.

Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye foleni ya kupakia saruji, malori kumi na kitu mbele yetu. Madereva wote walizima injini zao wakasubiri. Baba hakuzima.